Kikopo cha Pili

...na kama ningekohoa vizuri mara ya kwanza, saa hii ningekuwa nimeshafika Gatete, nimesimama mbele ya watoto wangu wa mwaka wa kwanza na chaki mkononi, jibu limekunjwa ndani ya mkoba, na hakuna ambaye angejua kwamba nilipita hapa, lakini hapana, mimi Agata, mwalimu wa usafi, nilipiga mswaki kwanza, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikatema ndani ya kikopo mate meupe, safi, yanayong'aa, kama vile ninayapeleka kwenye mashindano, na Éphraïm wa maabara akakiinua kikopo kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku, akajizuia kucheka, kijana ana adabu, akasema, "Murakoze, Mwalimu, lakini haya ni mate. Mimi nataka makohozi. Yale mazito, ya chini kabisa. Yale mabaya." Yale mabaya... maisha yangu yote nimewafundisha watoto kuyaficha yale mabaya, geuka pembeni, ziba mdomo, usiteme chini, na sasa mtoto niliyemshika mkono mimi mwenyewe mpaka akajua kalamu inashikwaje ananiomba yale mabaya, tena mengi, ananipeleka nyuma ya jengo kwenye kibanda kisicho na kuta, penye upepo wa ziwa, anasimama mbali na kunipa moyo kwa sauti, vuta pumzi, Mwalimu, ishike, sasa kohoa kutoka tumboni, bado, rudia, na mimi nimeinama, machozi yananitoka, nusu kikohozi nusu kicheko, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyowafanyia mimi kila asubuhi, rudia, Dusabe, bado, herufi hii mguu wake uko wapi, rudia... mwishowe nikatoa kitu cha kutisha, na Éphraïm akakipokea kwa mikono miwili kama zawadi ya arusi.

Sasa kimo ndani, kikopo cha pili, yaani si kikopo chenyewe, alichanganya yale yaliyomo na dawa ya maji, akatikisa, akasubiri, akatikisa tena, akamimina kwenye kidude cha plastiki wanachokiita katriji, akakifungia ndani ya mashine, na mashine ina vijimlango vinne, taa ya kijani inapepesa juu ya kile chenye mtu ndani, ndivyo alivyosema, chenye mtu ndani, na mtu huyo ni mimi, nimefungiwa mle mdogo kama punje ya mtama huku nimekaa hapa kwenye benchi la baraza nikitazama mlango wa maabara uliopakwa rangi ya buluu mpaka usawa wa kitasa tu, labda rangi iliisha, labda fundi aliitwa kwenye msiba... chini ya saa mbili utakuwa na jibu, Mwalimu, na nilimuuliza mashine inakionaje kitu ambacho mikroskopi inaweza kukikosa, akakuna kichwa, akasema kila mdudu ana maandishi yake ndani, na mashine inatafuta maandishi ya mdudu wa igituntu, wa kifua kikuu, ikipata kipande kimoja inakinakili, viwili, vinne, vinane, mpaka vinakuwa vingi vya kuonekana, na hapo hapo inatazama kama mdudu huyo ataisikia dawa ya kawaida au ni mkaidi, nami nikaelewa mara moja maana hilo ni darasa langu, kuna mtoto amekaa nyuma kabisa, jibu analo, analisema kwa sauti ambayo hata mbu wa pembeni hasikii, basi unamwambia jirani yake arudie, halafu hao wawili wawaambie wawili, halafu benchi zima, halafu mstari mzima, mpaka darasa linatikisika na direkta anatoa kichwa ofisini kuuliza kuna nini, na kama hakuna mtoto mwenye jibu, basi kimya ni kimya, hakuna cha kurudia, na hicho kimya ndicho ninachokiomba tangu asubuhi, Mungu wangu, mle ndani pawe kimya, mashine iulize na kuuliza na asijibu mtu, halafu niende zangu moja kwa moja mtaa wa Waswahili, niingie bila kubisha, nimchukue Kaoutar nimweke hapa, hapa kwenye shingo, na hakuna atakayejua kwamba palikuwa na kitu.

Kaoutar. Jina zuri, lina mlango mwanzoni na dirisha mwishoni, nililiandika ubaoni jioni watoto walipokwisha kwenda, kwa herufi za duara, nikalitazama, nikalifuta, na tangu alipozaliwa huyo mtoto wa binti yangu Eliana sijamshika hata mara moja, mimi ambaye nimebeba watoto wa nusu ya Gatete, na kila nikienda ninasimama mlangoni upande upepo unakoelekea, ninaacha uji, ninaacha kitenge, ninasema mikono ina chaki, ninasema nimetoka sokoni ninanuka samaki, na Eliana amenyoosha mikono yake na mtoto juu yake, amenyoosha, halafu anaikunja tena polepole... nitamweleza baadaye, nilijiambia, nikishajua, kwa nini kumtia hofu mzazi aliyetoka kujifungua kwa kikohozi ambacho labda ni vumbi la chaki, wiki ijayo nitamweleza, na wiki hiyo ikazaa nyingine...

Lo, yule anayeingia getini na mwavuli wa manjano, mwendo ule ni wa mtu mmoja tu Rumonge nzima, si yeye, ni yeye, ni Biasha, mama yake mkwe wangu Ismaili, bibi wa pili wa mtoto, amekuja kupimwa tansiyo, shinikizo la damu, nimesahau kwamba leo ndiyo siku yao wenye tansiyo, na angenikosa kabisa kama si yale mate yangu safi, ameniona, anakuja, hakuna pa kwenda, mbele ukuta, nyuma ziwa, "Bamwana!" anaita, ndivyo tunavyoitana wazazi wa mke na mume, kutoka katikati ya uwanja ili na wagonjwa waliolazwa wasikie, "amahoro, bamwana, na wewe iko hapa?" na mimi ninasema amahoro, ninavuta barakoa niliyopewa na Éphraïm hadi chini ya macho, ninasogea mpaka mwisho wa benchi ili yeye akae mwisho wa pili, naye anafunga mwavuli, anaupiga chini utoe maji yasiyokuwepo, anakaa katikati. Ninasogea. Anasogea. Nikisogea tena nitakaa hewani. "Na hiyo kitambaa ya mudomo?" Vumbi, ninamwambia. "Vumbi." Anautazama uwanja wenye madimbwi ya mvua ya jana, ananitazama mimi, analiacha neno hilo lizame lenyewe kwenye dimbwi, kisha anaanza, maana Biasha hawezi kukaa karibu na kimya, habari za ndagala, dagaa wa ziwani, usiku wa kuamkia leo mitumbwi imerudi mitupu kwa sababu mwezi ni mkubwa, habari za nesi anayemkataza chumvi, "samaki bila chumvi, bamwana, si bora nikae tu na tansiyo yangu," na mimi ninacheka ndani ya barakoa, ninampenda mwanamke huyu, ndiyo shida yenyewe, na ninageuza uso kwenye ziwa nisije nikapumua upande wake, milima ya Kongo ile kule imetoka yote, imeoshwa na mvua, unaweza kuona mikunjo, na kifua kinaanza, kinakuna, si sasa, tafadhali si sasa, ninameza, ninameza tena...

"Mutoto anaanza kukamata kidole," anasema Biasha, "unamupa hivi, anakamata, hataki kuacha, nguvu kama baba yake akifungua injini ya mutumbwi," na ananionyesha kidole chake cha shahada chenye magamba ya samaki kwenye ukucha, na mimi ninakitazama kidole hicho kwa wivu ambao sikujua ninao, kidole kinachojua kitu ambacho changu hakijui, "na paji la uso ni lako, bamwana, pana, la kufundisha watu," ndiyo, ninasema, ninaliona nikiwa mlangoni, na hapo ananyamaza. Biasha ananyamaza. Ninasikia bomba la maji linavyodondoka upande wa jiko la wagonjwa. "Mulangoni," anasema. "Kila siku unakuja ku mulango kama watu wa sensa. Iko wangapi humu ndani, wamelala wangapi, asante, unaenda. Eti mikono iko na chaki. Chaki gani siku ya Mungu, bamwana? Mulifundisha nani siku ya Mungu?" Na mimi kweli sikuwa nimefikiria hilo, nilisema chaki Jumapili, nikiwa nimetoka kanisani na kitenge changu cha kwaya, mwongo gani asiye na kalenda, "na jana," sauti yake imeshuka, haichezi tena, "jana Eliana alilia. Nilikuta analia, nikasema ni maziwa, ni usingizi, mama wote wanalia. Akaniambia hapana. Mama yangu hataki mutoto wangu, kwa sababu ya jina. Kwa sababu iko muislamu."

Kwa sababu ya... nani alisema, mimi sikusema, lini nilisema, na ninatafuta haraka haraka kama mtu anayetafuta funguo, siku ya arusi nilicheza, nilicheza mpaka kiatu kikakatika, nilikula kwenye sinia moja na hawa watu, nililia kidogo lakini kila mama analia, sikusema kitu chochote, na ndipo ninapoona kwamba hilo ndilo lenyewe, sikusema kitu chochote, nilikaa mlangoni na chaki zangu na kumwachia Eliana nafasi wazi, na mtu aliyeachiwa nafasi wazi ataijaza kwa kile kinachomuuma, watoto wangu hufanya hivyo kila siku, ukimpita mmoja bila kumwuliza swali anadhani umemkasirikia, anakaa siku nzima akihesabu makosa yake, hata yale ambayo hajafanya... na Mishamo, Mishamo inaingia hapa bila kuitwa, kambi ya wakimbizi kule Tanzania nilikozaliwa, baba yangu Niyonzima amekaa chini ya upenu na sahani yake ya bati, kikohozi chake kilikuwa kama mtu anayeburuta kabati, makohozi yake yaliwekwa kwenye kopo, yakapelekwa Mpanda kwa lori, na lori likakwama matope na jibu likakwama nalo, tukasubiri mpaka mahindi yakapita goti, na wakati tunasubiri shangazi akaitenga sahani ya baba, akaitia alama ya rangi nyekundu chini, kikombe pia, kimya kimya, asihuzunike, ndivyo walivyosema wakubwa, msimwambie asije akahuzunika, na akapona baba, alimeza dawa zote, akanenepa mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya, na sahani ile akakataa kuiacha, akasema hii ni ya mwenye nyumba, akawa anaweka humo kipande kizuri cha nyama, na sisi watoto tukapigana kula kwenye sahani yenye rangi nyekundu na hakuna aliyekohoa, kumbe ugonjwa haukai kwenye bati, unakaa kwenye pumzi, na tulikuwa tumetenga sahani na kufunga madirisha yote kwa sababu ya baridi... lakini neno alilolisema baba, neno hilo, nilikuwa msichana mkubwa tayari, tunapukuchua mahindi, akacheka akasema, kikohozi hakikuniuma kama ile sahani, si sahani yenyewe, ni kwamba hakuna aliyeniambia kwa nini, nilikaa kule chini ya upenu nikijiuliza ni nani kati yenu nimemkosea, nikawapitia mmoja mmoja, hata wewe Agata, nikasema labda ni ile siku nilikataa kukununulia daftari. Daftari. Mimi nilikuwa nimeshalisahau daftari.

"Unanisikia, bamwana?" Ninamsikia. Mlango wa maabara uko vile vile, buluu mpaka kitasa, ndani yake mashine inauliza swali lake na kulirudia, itajibu, ni kazi yake, itasema yupo mdudu au hayupo, na kama yupo nitameza dawa miezi sita kama baba, nitakaa nyumbani mpaka Éphraïm aseme sasa unaweza kurudi shule, watoto wangu watapimwa mmoja mmoja na nitawaandalia wimbo wa kukohoa vizuri, na Kaoutar kuna dawa yake ndogo ya kumkinga, hilo nililiuliza kabla ya swali lolote, na kama hayupo, hayupo... lakini mashine inaulizwa swali moja tu, na Eliana ameuliza jingine, na hilo hata wakiniweka ndani ya vijimlango vyote vinne haliwezi kutoka na jibu, nilikuwa nimekaa hapa nikiisubiri mashine initolee mdomoni kitu ambacho kiko mdomoni tangu siku nyingi na hakihitaji hata kukohoa. "Mama Ismaili," ninasema. Simwiti hivyo ila kwenye mambo makubwa, naye anajua, anaweka mwavuli chini. "Sogea kidogo upande ule, upepo ukupitie. Mimi ninakohoa. Tangu kabla mtoto hajazaliwa. Nimeleta makohozi, mashine inayasoma, sijui bado kama ni igituntu. Jina la mtoto ninalipenda. Ninaogopa kumpumulia, ni hilo tu, ninamtamani mpaka mikono inaniuma."

Hasogei. Kisha anasogea, hatua ya makalio moja, kwa heshima, kama mtu anayempisha mgeni mkubwa kati yetu, na mimi ninajiambia sasa, sasa atasimama, na anachosema ni, "Eh, bamwana. Sasa mimi nitafanya nini? Wiki nzima niko naharibu jina lako ku soko." Anaonekana amechoka kweli kwa kazi inayomngoja. "Mama wa mafuta ya mawese nilimuambia. Wa mihogo nilimuambia. Yule Schékinah wa vitunguu, nilimuambia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakusikia vizuri. Nitapita tena kila meza, ku moja moja, nifute." Nami ninaanza kucheka, kicheko kinaamsha kikohozi, kikohozi kinaamsha kicheko, ninageuka kwenye ziwa na kukohoa kwa adabu zote za darasani, kiwiko mdomoni, na sijali nani anaangalia, na nikigeuka tena ninakuta simu yake mbele ya pua yangu, ameshapiga, imeshaita, "mwambie wewe," anasema, "mimi nimeshasema uongo wa kutosha wiki hii, na fanya haraka, inite zangu za simu hazifiki mbali," na mle ndani ya simu Eliana anasema, "Mama Biasha?" na nyuma yake sauti nyembamba inalalamika, na ninasema, "Si Biasha. Ni mama." Ninasema yote. Yanatoka mafupi kuliko nilivyodhani, sentensi ya mwaka wa kwanza, mtendaji, tendo, nukta. Mama anakohoa. Mama anaogopa kukuambukizeni. Mama anampenda mtoto. Ninasikia anavuta kamasi, analia huyu, hapana, anacheka, hapana, vyote viwili, "Ni hivyo tu?" anasema. "Mama, ni hivyo tu? Mimi nilikuwa nimeshamwambia Ismaili tumwongezee jina lingine, jina la kanisani, ili uje umshike." Na mimi ninakaa wima kwenye benchi, sauti yangu inatoka ile ya darasani, "Jina la mtoto lisiguswe hata herufi," na Biasha pembeni anapiga paja lake, na Eliana anasema, "Ndiyo, Mwalimu," vile alivyokuwa akinijibu alipokuwa mdogo na amekasirika na hataki nijue kwamba amefurahi.

Nesi amelitaja jina la Biasha dirishani, Biasha amemwonyesha kiganja, ngoja, na taa ya kijani huko ndani bila shaka inapepesa bado, Éphraïm hajatoka, hakuna aliyejibu chochote, ndiyo au hapana, na kama atatoka sasa hivi atanisubiri kidogo, kwa sababu ninamwambia Eliana, mwekee simu sikioni, na ananiuliza nani, ninasema nani tena, mwanafunzi wangu, na pumzi yangu haipiti kwenye waya wala kwenye hewa ya simu, hata ndogo haipiti, sauti peke yake ndiyo inayopita, nimeishi miaka yote hii bila kuona kitu hicho kilivyo kizuri, ninavua barakoa, ninageukia ziwa, ninasikia kitambaa kinasuguana, mtoto anasogezwa, kilio kinakatika katikati kama mtu aliyesikia hodi, na ninaanza pale ninapoanza na wote, polepole, mdomo wazi, a... nasubiri... e... na upande wa pili pumzi ndogo, ya haraka, karibu kabisa na sikio langu, inasikiliza, na mimi ninaendelea, i...